Mlango wa Mbele wa Jalwapuri

Nchi ya Jalwapuri usiitafute kwenye ramani. Mimi niliyezaliwa huko nimeitafuta, sikuiona. Wachora ramani wanasema ni ndogo mno. Waziri Mkuu wetu, Mheshimiwa Trimbakrao, anasema wachora ramani wana wivu. Mimi ni karani wa serikali. Kwa miaka ishirini na miwili nimeandika niliyoyaona na niliyoamriwa niyaone, na hakuna aliyewahi kuniuliza tofauti yake.

Jalwapuri ni nchi ya milango. Kila nyumba ya watu wa tabaka la juu inayo miwili. Wa mbele ni mpana, umechongwa tembo na maua, na huupita watu ambao hata vivuli vyao ni safi. Wa nyuma ni mfupi, uko ubavuni mwa choo, na anayeupita sharti ainame. Huo ni wa watu wa chini: wazoa taka, waburuta mizoga, wafua nguo za wagonjwa. Na mkunga.

Hapo kwenye mkunga ndipo wageni wanaposhangaa. Kwetu sisi damu ya uzazi ni uchafu mkubwa, kwa hiyo kazi ya kumpokea mtoto wameachiwa wanawake wa tabaka la chini kabisa, wale ambao kivuli chao kikiangukia mtungi wa maji, mtungi unavunjwa. Basi kila kuhani wa Jalwapuri, kila jaji, kila waziri, mikono ya kwanza kumshika hapa duniani ilikuwa ya mtu asiyeguswa. Siku ya kumi na moja mtoto huogeshwa kwa maziwa na samli, ubani unafukizwa, mkunga anatolewa kwa mlango wa nyuma, na habari hiyo haizungumzwi tena. Sisi tumeizoea. Wewe, ndugu msomaji, unayetoka katika nchi ambayo watu wote ni sawa na hakuna anayengojeshwa mlangoni, utatuwia radhi.

Mkunga wa mji wetu mkuu aliitwa Dhondi, maana yake kipande cha jiwe. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kuzika watoto watatu, wakampa jina baya ili mauti yasimtamani. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Alikuwa ameipokea nusu ya baraza la mawaziri, na kwa bahati mbaya alikuwa na kumbukumbu nzuri. Waziri Mkuu akipita na gari lake la farasi, sote tukiwa tumeinama, Dhondi alinong'ona kwa sauti ambayo watu watatu hivi waliweza kuisikia:

"Huyu alitanguliza matako. Nilihangaika naye toka alfajiri hadi adhuhuri. Na mpaka leo hajageuka."

*

Mtukufu Maharaja Udaybhan alikuwa mtu mwema. Nasema kweli, wala simpaki mafuta. Alisoma ng'ambo, akarudi na miwani, baiskeli, na wazo kwamba watu wote wamezaliwa sawa. Miwani na baiskeli vilipokewa vizuri.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Binti Malvika. Mama wa Malvika alifariki mtoto akiwa na siku sita, na katika siku hizo za kwanza aliyemkanda, aliyemwimbia, na aliyemtafutia mama wa kumnyonyesha alikuwa Dhondi. Kisha yakaja maziwa na samli, Dhondi akatolewa. Lakini yule mtoto, tangu alipojua kutambaa, kila yaya aliposinzia alikwenda kwenye mlango wa nyuma. Akakua hivyo, yeye ndani, Dhondi nje, hatua nne kati yao, wakipiga soga na kucheka. Walinzi waliwaona. Nao walikuwa wamepokewa na Dhondi, wakajifanya wanatazama mawingu.

Malvika akaolewa nchi jirani. Akapata mimba, na kama ilivyo desturi yetu kwa mimba ya kwanza, akarudi kujifungulia kwa wazazi. Siku ile ile aliyofika, mezani, mbele ya mawaziri sita na mimi niliyekuwa nimesimama ukutani na daftari langu, akamwambia baba yake:

"Baba, mwanangu atazaliwa humu. Ila Mama Dhondi aingie kwa mlango wa mbele. Asiiname."

"Mwanangu, unajua desturi za..."

"Baba, si wewe unayesema watu ni sawa? Au unawaambia wageni tu?"

Maharaja akalisukuma sinia. Mawaziri sita nao wakayasukuma ya kwao, ingawa Waziri wa Kilimo alikuwa hajashiba.

Siku ya tatu ikatoka Sheria Namba Moja ya Usawa. Niliiandika mwenyewe kwa wino wa zambarau, na nadhani ndiyo kazi nzuri kuliko zote mkono wangu ulizowahi kufanya. Ilikuwa na vifungu viwili. Cha kwanza: kuanzia leo ni marufuku kwa mtu yeyote, wa tabaka lolote, kuingia katika nyumba yoyote kwa njia nyingine isipokuwa mlango wa mbele. Cha pili: atakayekiuka atafungwa miezi sita, bila kujali cheo wala ukoo.

Waziri Mkuu alijibu kwa niaba ya taifa. Alikuwa na kitambi cha heshima na sauti ya kupanda na kushuka.

"Mtukufu," alisema, "leo giza limekimbia bila viatu. Sheria hii tunaipokea kwa mikono miwili, tunaiunga mkono kwa asilimia mia moja, na tutaitekeleza kwa nguvu zetu zote kwa kadiri mazingira yatakavyoruhusu, baada ya kuwashirikisha wadau na kukamilisha mchakato."

Makofi yalichukua dakika saba. Maharaja alivua miwani akaifuta, macho yamelowa. Nilimpenda sana siku ile.

*

Nani kasema watu wakubwa hawatii sheria? Wiki haikwisha, milango yote ya nyuma ya Jalwapuri ikawa imezibwa kwa matofali. Sheria imeikataza, ya nini kubaki wazi? Mlango wa mbele, ni kweli, sheria ilisema watu wote waingilie hapo. Lakini haikusema popote kwamba ufunguliwe. Niliisoma upya mara tatu. Mwandiko ulikuwa safi, kwa hiyo kosa halikuwa langu.

Waashi wa kuziba walikuwa watu wa chini, na utiifu uliwapa shida ndogo ndogo. Fundi mmoja, Bhiku, aliziba mlango wa nyumba ya Kuhani Mkuu Gangadhar akiwa upande wa ndani. Alipoweka tofali la mwisho na kulisawazisha vizuri, maana alikuwa fundi hodari, akageuka akajikuta yumo uani mwa Kuhani na hana pa kutokea. Mke wa Kuhani akalala kifudifudi juu ya kizingiti cha mbele, akaapa kwamba fundi atapita juu ya maiti yake. Bhiku aliishi uani siku tisa. Walimrushia chapati kutoka darini. Siku ya kumi wakampandisha kwa kapu na kamba, wakamteremsha nje ya ukuta kama ndoo ya kisimani. Kuhani akaandika barua kwa serikali kueleza jinsi nyumba yake ilivyomkaribisha mtu wa tabaka la chini kwa siku tisa mfululizo. Barua ikasomwa hadharani. Ikapigiwa makofi.

Ni uwazi mmoja tu uliobaki katika kuta zile za nyuma. Vyoo vyetu ni vya ndoo, na nyuma ya kila choo kuna tundu chini ya ukuta, upana wa mabega ya mtu mwembamba, ambalo wazoa taka hulitumia kuvuta ndoo kutoka nje. Matundu hayo hayakuzibwa. Hata utiifu una mipaka yake.

Mwezi wa pili wa usawa, mke wa Jaji Mkuu alishikwa na uchungu. Dhondi alifika mapema na kifurushi chake cha vitambaa, akaketi mbele ya mlango wa mbele kama sheria inavyotaka. Mlango haukufunguliwa. Alibisha, akaita, akaomba. Jaji mwenyewe alikuwa ndani akitembea huku na huku, na majirani wa tabaka lake walikuwa wamejaa madirishani wakitazama atafanya nini. Jioni Dhondi akafunga kifurushi chake akaondoka. Walitoka wawili kwa mlango wa mbele kesho yake, mama na mtoto, juu ya machela moja.

Katika ripoti ya robo mwaka niliandika: "Kwa kipindi hiki hakuna malalamiko yaliyopokelewa." Ilikuwa kweli. Waliokuwa na haki ya kulalamika walikuwa wamekwisha kuchomwa moto kando ya mto, kama tunavyowazika wafu wetu.

*

Maharaja aliposikia aliwaka. Akaamuru ikulu iwe mfano: mlango wake wa mbele utamwingiza Dhondi, taifa zima likiona, siku Malvika atakapojifungua. Waziri Mkuu akainama mpaka kilemba kikagusa zulia, akaunda Tume ya Kitaifa ya Mlango wa Mbele. Ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupita mlango wa nyuma, kwa hiyo, kama mwenyekiti alivyoeleza, hawakuwa na upendeleo. Mimi nikawa katibu.

Wakati huo huo ikaja barua kutoka ng'ambo. Chama cha watu wema wa huko kilikuwa kimesoma sheria yetu, kikaamua kumpa Maharaja Nishani ya Usawa. Safari ya kwenda na kurudi ni wiki tano. Malvika alikuwa amebakiza miezi miwili.

"Nenda, Baba," Malvika alimwambia. "Utarudi mapema. Ila acha amri."

Akaiacha. Mbele ya Tume nzima alinivika mimi shingoni ufunguo wa mlango mkubwa wa ikulu, kwa kamba nyekundu, akasema: "Dhondi akija, aingizwe kwa mlango wa mbele, kwa heshima zote." Kisha akapanda gari akaenda kupokea nishani yake.

Kwa heshima zote. Tume ilikaa vikao vinne kuyachambua maneno hayo matatu. Ikaonekana kwamba kumwingiza Dhondi bila heshima ni kumdhalilisha, na kumdhalilisha ni kuvunja sheria. Heshima zikaorodheshwa: Fomu ya Kuingia kwa Heshima, nakala tatu, taji la maua, wimbo, risala, baraka ya Kuhani Mkuu, ambaye ndiye atakayetaja dakika yenye kheri ya kuvuka kizingiti, na akidi ya wajumbe saba. Kikikosekana kimoja, mlango usifunguliwe, kwa kumheshimu Dhondi mwenyewe.

Tulifanya zoezi la majaribio. Dhondi akaitwa, akasimamishwa ndani ya duara la chokaa hatua kumi na mbili kutoka mlangoni, tangu asubuhi hadi saa ya chai. Taji alirushiwa na mjumbe mwenye shabaha. Likamkosa.

"Bwana Karani," aliniambia, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kidogo, "haya yote ndiyo mtakayofanya siku yenyewe?"

"Ndiyo, Mama. Ni heshima yako."

"Mtoto hasubiri risala."

Niliandika: "Mdau alitoa maoni."

Malvika alikuwa ametoka kwenye roshani ya juu akitutazama, anacheka mpaka ameshika mbavu. Dhondi akainua uso. Nilimwona akiacha kutabasamu. Alikuwa anamtazama tumbo.

"Malvika, mwanangu," aliita, "geuka ubavu nikuone. Eh. Anakupiga wapi, juu au pembeni?"

"Pembeni, Mama. Huku na huku."

"Umeonaje?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

"Mtoto amelala kingamo. Kichwa ubavu huu, matako ubavu ule. Si neno, ndivyo walivyo wengine. Lakini lazima nimgeuze kwa mikono kabla uchungu haujaanza. Wiki hii, Bwana Karani. Uchungu ukimkuta hivyo, mama hatapona." Kisha akapaza sauti, akicheka tena: "Nakuja kukukanda, mwanangu! Usiogope!"

"Utakuja kweli?" Malvika hakuwa anacheka. "Mama yangu alikufa, unajua."

"Nilikuwepo. Nakuja. Umeniona mimi nikikosa kuja?"

Kwa desturi zetu mwenye mimba kubwa hashuki wala havuki kizingiti, kwa hiyo Dhondi ndiye aliyepaswa kuingia. Nilipeleka ombi kwenye Tume siku ile ile. Tume ikasikitika. Heshima zilikuwa zimepitishwa kwa ajili ya siku ya kuzaa, na kuzitumia kwa ajili ya kukanda kungezishushia hadhi. Likaundwa kundi dogo la kuangalia kama pawepo na heshima za kati. Nilifuatilia mara nne. Mara zote niliambiwa suala linafanyiwa kazi.

*

Uchungu ulikuja kabla ya wakati, siku ya Jumatano, saa mbili asubuhi, Maharaja akiwa bado baharini.

Saa tatu Dhondi alikuwa mlangoni. Alikuja mbio, pekupeku, mikono ameisugua mpaka imekuwa myekundu, chupa ya mafuta kiunoni. Hakuingia kwenye duara la chokaa. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kizingiti, nasi tukarudi nyuma wote.

"Fungueni," alisema.

Waziri Mkuu alifika saa nne kasorobo, akiwa amevaa rasmi. Kuhani Mkuu alikuwa akioga. Kuhani wetu huoga kwa mitungi mia moja na minane, na mtungi mmoja ukimponyoka huanza upya. Wajumbe waliofika walikuwa watano. Wa sita alitumiwa mtu, akajibu kwamba yuko njiani. Maua yalikuwa ya jana.

Juu, dirishani, tulisikia Malvika akilia. Kwanza alikuwa akilia tu. Baadaye akaanza kuita: "Mama Dhondi! Mama Dhondi!"

"Niko hapa, mwanangu! Nakuja! Usisukume, usisukume bado!"

"Waungwana," alisema Waziri Mkuu, na aliyasema haya kwa huzuni halisi, "hakuna anayeumia leo kuliko mimi. Lakini tukimwingiza mama huyu kiholela, bila wimbo, bila risala, dunia itasemaje? Itasema Jalwapuri bado inawaingiza watu wa chini kama mbuzi. Mtukufu amekwenda ng'ambo kuvikwa nishani kwa ajili ya heshima hii. Tumwaibishe?"

Wajumbe wakatikisa vichwa. Hapana, wasimwaibishe.

Ilipofika saa sita Dhondi aliacha kumwomba Waziri Mkuu. Akanigeukia mimi. Ufunguo ulikuwa kifuani pangu, kila mtu aliuona.

"Keshav," aliniita kwa jina langu. Hakuwahi. "Nilikupokea wewe. Ulitoka umekuwa wa buluu, hulii. Mama yako alikuwa amekwisha kukata tamaa, mimi nikakupulizia pumzi kwa kinywa changu hiki. Nifungulie, mwanangu."

Nilimtazama Waziri Mkuu. Aliinua nyusi, basi. Nina mke na mabinti wanne, na nyumba ya serikali, na mwandiko mzuri. Hatua kati yangu na tundu la ufunguo zilikuwa tatu, nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile. Niliinamisha kichwa nikaandika: "Saa sita na dakika kumi, mdau aliomba kufunguliwa." Unaweza kuyaona maandishi yenyewe mpaka leo, yamenyooka kabisa.

Nilipoinua macho Dhondi hakuwepo.

Saa saba na nusu Kuhani Mkuu alifika, amenyunyiziwa ubani. Akatazama jua, akafunga macho, akatangaza kwamba dakika yenye kheri ndiyo hii. Mjumbe wa sita na wa saba nao wakafika wakihema. Wimbo ukaanza. Waziri Mkuu akafungua risala yake: "Ewe mwanamke wa tabaka la chini, karibu..." Hapo ndipo alipogundua kwamba hayupo wa kukaribishwa. Na hapo ndipo, juu, tulipomsikia mtoto mchanga akilia.

Sauti ya Malvika hatukuisikia tena.

*

Yaliyotokea ndani niliyapata mahakamani, kwa sababu nilikuwa karani wa kesi. Jaji alikuwa yule yule Jaji Mkuu. Muda wote wa kesi alitazama kalamu yake.

"Uliingia ikulu kwa njia gani?" aliuliza mwendesha mashtaka.

"Kwa tundu la choo, bwana."

"Hukujua kwamba sheria inamkataza mtu yeyote kuingia kwa njia isiyokuwa mlango wa mbele?"

"Nilijua. Niliukalia huo mlango wa mbele toka saa tatu."

"Endelea."

"Nilitambaa. Pembeni kulikuwa na mtungi, nikajimwagia, nikapanda. Mkono wa mtoto ulikuwa umekwisha kutoka. Asubuhi, uchungu ukiwa ndio kwanza unaanza, bado ningeweza kumgeuza. Saa ile nilimgeuza hivyo hivyo, kwa sababu la sivyo wangekufa wote wawili. Mtoto akatoka, wa kike. Damu haikukatika." Dhondi aliinyoosha mikono yake juu ya kizimba, akaitazama. "Nimezuia damu ya wengi. Ile sikuweza. Nilikuwa nimechelewa kwa muda wa saa nne."

"Marehemu alisema lolote?"

"Aliniuliza, Mama, umepita wapi? Nikamwambia, mlango wa mbele. Akaniuliza, hukuinama? Nikamwambia sikuinama, mwanangu, nimepita nimesimama, na maua yalikuwa mengi. Akacheka kidogo. Basi."

Mwendesha mashtaka akapekua karatasi zake.

"Kwa hiyo unakiri kwamba ulimdanganya binti wa Maharaja?"

Hilo likaongezwa kama shtaka la pili.

*

Maharaja alikuwa amerudi kabla ya kesi, siku ya kumi na moja baada ya kifo, nishani ikiwa bado ndani ya kisanduku chake cha mahameli. Alikwenda moja kwa moja kumwona mjukuu. Akamkuta ndani ya beseni la fedha, Kuhani Mkuu akimmiminia maziwa na samli, mara ya saba.

"Anaogeshwa nini?" aliuliza.

"Mikono, Mtukufu," Kuhani alijibu. "Mikono ya yule mwanamke."

Maharaja akakaa sakafuni. Nilikuwepo. Hakuzuia yale maziwa. Nilidhani atazuia, nikasubiri kwa kalamu iliyochovywa wino, lakini alikaa tu pale, miwani mkononi, mpaka mtoto alipofutwa na kuvishwa.

Hukumu ilipotoka, nilimpelekea mimi akaisaini. Miezi sita, kwa mujibu wa kifungu cha pili. Waziri Mkuu alikuwa pembeni yake.

"Ninaweza kumsamehe," Maharaja alisema. Alikuwa anauliza.

"Bila shaka, Mtukufu. Ila watu watasema sheria ya usawa inawabana wakubwa tu, na watu wa chini wanaivunja watakavyo. Itakuwa ubaguzi. Na hii ndiyo kesi ya kwanza tangu sheria itungwe. Ndiyo kesi pekee. Tukiifuta, tutawaonyesha nini wale wa ng'ambo?"

Maharaja aliishika kalamu muda mrefu. Alikuwa ameyaamini mambo yake kwa dhati, na nadhani hilo ndilo lililommaliza. Akasaini. Tangu siku hiyo haendeshi baiskeli.

Niliamriwa kumsindikiza Dhondi gerezani ili niandike saa ya kupokewa kwake. Tulitembea, yeye mbele, mimi nyuma na daftari langu. Aliniuliza mtoto amepewa jina gani. Nikamwambia ameitwa Malvika, kama mama yake. Akauliza ananyonya vizuri? Nikasema sijui. Akaniambia niwaambie wasimbane nguo kifuani, ana kifua chembamba. Nikamwahidi. Sijawaambia, kwa sababu ningeulizwa nimeyatoa wapi.

Gereza la Jalwapuri lina mlango mmoja tu, wa mbele. Ni mpana, wa chuma, mrefu kiasi cha kumpitisha tembo. Hatukuulizwa fomu. Hapakuwa na wimbo wala risala. Mlinzi alituona tungali mbali, akausukuma mlango ukafunguka wote, na Dhondi akapita katikati yake amesimama wima.

Katika ripoti ya mwaka, kwenye safu isemayo "Watu wa tabaka la chini walioingia jengo la serikali kwa mlango wa mbele", nimejaza moja. Safu hiyo mwaka jana ilikuwa sifuri. Waziri Mkuu ameipigia mstari kwa wino mwekundu, nayo imekwisha kutumwa ng'ambo.

Alipokuwa ndani Dhondi aligeuka. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama alivyonitazama, labda, siku ile nilipotoka tumboni nikiwa wa buluu. Kisha akaupapasa ule mlango wa chuma kwa kiganja.

"Huu," alisema, "mmeufungua upesi."

Niliandika saa: nne na robo asubuhi. Ufunguo wa ikulu bado ninao shingoni. Hakuna aliyewahi kuja kuuomba.